Miaka mitatu mlinijua kama Babu Plagi, nikateleza nikaandika "mume wangu" mara moja tu

#1
Babu Plagi (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Wale wa jukwaa la magari mnanijua. Mimi ndiye Babu Plagi, ninayewajibu saa tano za usiku gari zenu za Toyota IST zikichemsha. Kwa ambao hawakuwepo wiki iliyopita: mimi si babu. Ni KE (mwanamke), miaka 34, watoto wawili, nilisomea umeme wa magari chuo cha ufundi VETA na huu ni mwaka wa kumi na moja nipo gereji. Jina nilijipa makusudi. Naomba nieleze kwa nini, nieleze kilichonipata, halafu mnitukane kwa foleni.

Nilipojiunga mara ya kwanza nilikuwa najiita Fundi Mwajuma. Bandiko langu la kwanza nilimjibu jamaa mwenye Vitz inayostuka ikibadili gia. Nikamwambia achomoe kijiti cha ATF (mafuta ya gia otomatiki), apake kidogo kwenye kitambaa cheupe aangalie rangi, na ainuse kama ina harufu ya kuungua. Hakuna aliyegusa habari ya ATF. Wa kwanza aliuliza, "We dada umeolewa?" Wa pili akaomba picha. Wa tatu akamwambia wa pili akae pembeni, yeye ndiye aliyeniona kwanza. Waligombana kurasa mbili, mwenye Vitz akakata tamaa akaenda kuanzisha uzi mwingine. Nilivumilia siku nane. Nikafunga akaunti, nikakaa kama mwezi, nikarudi nikiwa babu.

Jamani, ubabu ni mtamu. Nilikuwa naandika mistari miwili mikavu, hata salamu sitoi, watu wanashukuru. "Shikamoo babu." "Mkuu hapo umemaliza." Niliwahi kumnunulisha mtu oltaneta (ile inayochaji betri) kumbe betri ndiyo imekufa, akaishia kuniambia, "Babu leo umeteleza." Basi. Kesho yake akarudi na swali lingine.

Kutukanwa nilitukanwa, sitaki mtu aseme nimesahau. "Babu umezeeka, haya magari ya mfumo huyawezi." "Babu rudi kwenye Land Rover za mkoloni." Nilikuwa nacheka, najibu, tunaendelea.

Sasa Jumanne ya wiki iliyopita. Jamaa kaleta shida: IST inachemsha akiwa kwenye foleni ya Ubungo, akishapita Kibamba gari likakimbia, geji inashuka yenyewe. Fundi wake kamwambia gasketi ya hedi imekufa, anataka laki nne na nusu. Nikamjibu: usifungue hedi. Gari linalochemsha likisimama na kupoa likitembea, cha kwanza kuangalia ni feni. Washa AC, fungua boneti, tazama kama feni inazunguka. Kama imekaa kimya angalia fyuzi, halafu rilei (swichi ya umeme ya feni), halafu mota yenyewe. Nikaongeza kwa kujisahau: "Hata mume wangu aliwahi kufunguliwa hedi bure hivi hivi kabla hatujaoana."

Dakika hazikufika kumi na tano. "Mume wako? Babu umeolewa?" Kwanza waliniita shoga, na hayo matusi siwezi kuyaandika hapa. Nikaona yataharibika zaidi, nikasema ukweli: mimi mwanamke. Nikadhani ndiyo imeisha.

Mtu akamwandikia mwenye IST, "Kaka usije ukasikiliza ushauri wa mwanamke kwenye injini, hiyo hedi imekwenda." Mwingine, ambaye nimemfundisha mimi mwenyewe kupima oltaneta kwa mita, akasema sasa anaelewa kwa nini majibu ya Babu yalikuwa marefu. (Mistari miwili!) Ukurasa uliofuata, ME mmoja akarudia jibu langu: feni, fyuzi, rilei, mota. Kwa mpangilio ule ule. Akala laiki sitini na kitu. Mwenye IST akarudi jioni: ilikuwa rilei, kanunua elfu kumi na tano, gari zima. Akamshukuru yule.

Hilo lingekuwa ndilo lote nisingefungua uzi. Nimezoea, hata gereji wateja hunipita wakamuulize kijana wa kufagia kama fundi yupo.

Ni inboksi. Ndani ya siku mbili zimeingia meseji 53, nimezihesabu. Za magari ni nne. Nyingine mnaweza kubuni: namba, picha, "fundi na mimi nina hitilafu njoo unipime", bei gani kwa usiku. Kuna aliyechukua picha ya dada mmoja wa nchi za nje kavaa ovaroli, kairusha kule jukwaani anasema ndiye mimi, na maneno ya uchafu juu yake. Yule dada hajui Kiswahili, hajui kuna IST duniani, na watu elfu kadhaa wameshamtukana.

Halafu ikaja hii, nimeipiga skrini: "Kasema yuko Tabata. Gereji za Tabata zenye mwanamke hazifiki tatu. Tutamjua tu."

Siku tatu sikwenda kazini. Nilimwambia bosi mtoto anaumwa.

Leo nimerudi kazini, na nimeamua kuuliza wazi. Humu kuna wanawake wangapi wanaojiita Babu, Mzee, Mjomba, Kamanda? Nahisi tupo wengi kuliko mnavyodhani.

#2
Kiduku wa Mbagala

Uzi bila picha ni batili 😂

#3
Mlalahoi Kimara

Nakaa siti ya mbele.

#4
Mtoto wa Kariakoo

Dada pole, na kwenye magari nakukubali, ulinisaidia Noah yangu mwaka jana. Ila tuwe wakweli. Mtandaoni kila mtu anatukanwa. Mimi hapa nimeshaitwa mbwa, maskini, mchawi, nimetukaniwa mama mzazi kisa Simba na Yanga. Sikufungua uzi. Wanawake mkiguswa kidogo inakuwa ajenda ya kitaifa. Ukiingia uwanjani kubali vumbi.

#5
Babu Plagi

Mtoto wa Kariakoo, nimekusikia kaka, na ndiyo maana nimesema mimi nimekaa pande zote mbili. Wachache humu wana bahati hiyo.

Babu alipotukanwa, alitukanwa kwa jibu alilotoa. Akibadilisha jibu, au akileta ushahidi, tusi linakwisha. Mimi nilitoa jibu sahihi, gari limepona, na tusi ndiyo kwanza limeanza. Sasa nibadilishe nini? Hakuna mtu aliyewahi kumwambia Babu Plagi kwamba atamtafuta gereji yake. Miaka mitatu. Hata yule niliyemwambia gari lake alilouziwa limerudishwa kilomita nyuma akanitishia kunishtaki, hakusema atakuja usiku.

Na wewe ulipotukaniwa mama kisa Yanga, kuna aliyekuuliza bei?

#6
Mtoto wa Kariakoo

Hapo kwenye bei nakaa kimya.

#7
Mwanazuoni Njaa

Niongeze namba kidogo kwa wanaopenda namba. Shirika la Pollicy la Uganda lilitoa utafiti mwaka 2020, liliwahoji wanawake 3,306 wa Ethiopia, Kenya, Uganda, Senegal na Afrika Kusini. Asilimia 28.2 walisema wamefanyiwa ukatili wa namba fulani mtandaoni. UNESCO mwaka huo huo ikawauliza wanahabari wanawake: 73% walisema ndiyo, na 20% wakasema wameshashambuliwa au kutukanwa ana kwa ana kwa mambo yaliyoanzia mtandaoni. Hiyo 20% ndiyo naiona kwenye "tutamjua tu".

Msishangae hiyo 28 kuwa ndogo. Anayeulizwa lazima awe mtandaoni kwanza. Ripoti ya GSMA, umoja wa kampuni za simu duniani, ya 2024 inasema ukanda wetu wa kusini mwa Sahara wanawake wapo nyuma ya wanaume kwa 32% kwenye kutumia intaneti ya simu. Wengi bado wana kitochi. Na aliyekwishakimbia hayumo kwenye hesabu ya walio ndani.

(Samahani, nimeandika "namba fulani" badala ya "namna fulani". Simu.)

#8
Bi Mkubwa Unguja

Assalaam alaykum wanangu. Mimi sina Babu wala Mzee, jina langu ndilo hilo, nina miaka 58, nimestaafu ualimu. Mwanazuoni kasema kitochi. Kitochi si umasikini peke yake. Mtaani kwangu naona wake wa watu wana simu kubwa nzuri, lakini mume anajua namba ya siri, na anaifungua kila usiku. Sasa mtu huyo akitumiwa uchafu asioutaka, hathubutu kusema. Akisema, simu itachukuliwa. Ataulizwa: huyu kakupata vipi, wewe ulimchekea nini?

Nina jirani yangu alikuwa akiuza mashuka na mapazia kupitia WhatsApp, akiweka picha kwenye stetasi. Mwanamme mmoja akawa anamtumia picha za utupu wake, namba hii akifungiwa anakuja na nyengine. Mume alipoziona akavunja laini. Biashara ikafa siku ile ile. Yule mwanamme bado anayo simu yake.

#9
Chausiku wa Pili

Kamanda mmoja wa jukwaa la siasa ni mimi hapa. Simwambii mtu ni yupi 🤣

Ila naomba tuseme na hili, maana wanaume mtalisema kwa niaba yetu: meseji mbaya kuliko zote nilizowahi kupata zilitoka kwa wanawake wenzangu. Niliandika mara moja kuhusu viti maalumu vya wanawake bungeni, nikitumia jina langu la kweli. Wanaume waliuliza nimelala na nani nipate ujasiri. Wanawake wakaingia kwenye ukurasa wangu wakachukua picha ya mtoto wangu wakaanza kumtafutia baba kwenye maoni. Picha kwa picha, "pua hii ya fulani". Mtoto ana miaka mitatu.

#10
Babu Plagi

Chausiku, huo ndio ukweli na sikutaka kuuficha. Kati ya zile 53 tano zilikuwa za KE. Mmoja kaniambia naharibu soko kwa kujifanya mwanaume. Soko gani sijui.

#11
Mpwa wa Nyali

Hamjambo huko Bongo. Huku kwetu Kenya haya tumeyaona yakianza kwenye simu yakaishia barabarani, na yakianza barabarani yakaishia kwenye simu. Novemba 2014 mwanamke alivuliwa nguo kituo cha matatu Nairobi, ati nguo yake fupi. Walioshika simu wakirekodi walikuwa wengi, na ile video ikazunguka nchi nzima. Wanawake wakaandamana tarehe 17. Desemba sheria ikabadilishwa, kumvua mtu nguo kwa nguvu sasa ni jela isiyopungua miaka kumi. Lakini kisirani ni kwamba mama yule alivuliwa mara moja na watu kadhaa, halafu akavuliwa tena kila mtu aliposambaza. Wale wa mara ya pili sijasikia kama waliguswa.

Januari 2024 tena, wasichana wameuawa kwenye nyumba za kukodi za muda mfupi. Nendeni msome maoni ya wakati ule. "Alifuata nini huko?" Maiti haijazikwa! Tarehe 27 watu walijaa barabarani Nairobi, Mombasa, Kisumu, na hata picha za maandamano zilijibiwa hivyo hivyo.

#12
Sina Jina 01

Nimefungua ID mpya kwa bandiko hili moja. Mtanitukana, sawa.

Nilikuwa mmoja wa maadmini wa kundi la koneksheni Telegram. Wanaojua koneksheni wanajua, wasiojua ni video na picha za ndani za watu zilizovuja. Kundi la nje lilikuwa bure, tunarusha vipande tumeziba. Ukitaka kuona yote unalipa elfu tano kwa simu, unaingizwa kundi la ndani.

Nataka niwaambie zinatoka wapi kwa sababu naona watu wanadhani mabinti wanajirusha wenyewe. Nyingi zililetwa na wapenzi walioachwa. Hawakutaka hela, walitaka tu zirushwe, na wengine walitusisitiza tuandike jina na chuo. Nyingine zilitoka kwa mafundi simu: mtu kapeleka kioo kibadilishwe, kaacha na namba ya siri ili fundi ajaribu. Nyingine simu za mitumba zilizouzwa hazijafutwa vizuri.

Na kuna jambo nililolifanya mimi mwenyewe. Jina ndilo linalouza. Ukiwa na video ya mtu asiyejulikana haina bei, lakini ukiibandika jina la binti anayefahamika, mtangazaji, mshindi wa shindano fulani, kundi linajaa usiku mmoja. Tulikuwa tunabandika majina. Watu hawaangalii sura, wanaangalia maelezo. Kuna mabinti najua kwa hakika hawakuwahi kujirekodi maishani mwao, na mpaka leo ukiandika jina lao neno la kwanza linalofuata ni koneksheni.

Niliacha kwa woga. Mwenzangu aliitwa kituoni kwa kesi nyingine kabisa, nikafuta kila kitu usiku ule. Sikuacha kwa sababu nilipata huruma, nisiwadanganye.

#13
Chausiku wa Pili

Mungu akulipe unachostahili. Nimesoma mara mbili nikaweka simu chini.

#14
Kiduku wa Mbagala

Mkuu kundi jina lake lilikuwa nani? Nauliza kwa ajili ya rafiki 😂😂

#15
Bi Mkubwa Unguja

Kiduku, mwanangu, umesoma aliyoyaandika mwenzako halafu hilo ndilo swali lililokujia?

#16
[Bandiko limeondolewa]

#17
Wakili Njiapanda

Nimekuwa msomaji tu lakini hapa kazi imenifuata.

Kwanza wewe Sina Jina 01. Zile elfu tano zilipita kwenye laini, na laini za nchi hii zimesajiliwa kwa alama za vidole na namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA). Kufuta kundi hakufuti miamala. Tafuta wakili kabla hujaandika bandiko la pili.

Mleta uzi, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 23, inakataza kumtumia mtu ujumbe kwa nia ya kumtisha, kumsumbua au kumuumiza kihisia. Adhabu ni faini isiyopungua milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka mitatu, au vyote. Ile meseji ya "tutamjua tu", pamoja na zilizoitangulia, ni mahali pazuri pa kuanzia. Usiifute, na usimfungie mtu kabla hujahifadhi. Piga skrini ionekane jina la akaunti, tarehe na saa, unakili na linki ya bandiko. Skrini iliyokatwa ikabaki maneno matupu mahakamani inasumbua, kwa kuwa kifungu cha 18 cha Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka huo huo kinamtaka hakimu aangalie ujumbe ulivyotengenezwa, ulivyotunzwa na aliyeutuma alivyotambulika. Nenda kituoni uombe Dawati la Jinsia na Watoto, uondoke na RB (namba ya taarifa yako polisi). Ukiambiwa "hayo ni mambo ya mitandao, funga simu", omba kumuona mkuu wa kituo.

Sasa niwe mkweli kidogo, maana wateja wangu hunilaumu baadaye. Sheria hiyo hiyo, kifungu cha 14, inakataza kurusha ponografia, na haisemi neno juu ya ridhaa ya aliyemo kwenye picha. Ndiyo maana binti ambaye picha yake imevujishwa na mpenzi wa zamani anaogopa kwenda kituoni: anadhani ataonekana mshtakiwa. Woga huo haukuanza hewani. Uganda walikuwa na Sheria ya Kupinga Ponografia ya 2014, na aliyekuwa waziri wa maadili pale, Simon Lokodo, alitaka wanawake waliovujishiwa picha wakamatwe wao. Mahakama ya Katiba ilikuja kuvibatilisha vifungu vyake Agosti 2021. Na kosa la usumbufu wa mtandaoni, ambalo mngedhani liliwekwa kuwalinda watu kama mleta uzi, ndilo lililomfunga Dkt. Stella Nyanzi miezi 18 mwaka 2019 kwa shairi alilomwandikia Rais Museveni Facebook. Alitoka Februari 2020 baada ya rufaa. Kwa hiyo mtu akisema "waongeze sheria", mimi huuliza kwanza itashikwa na nani.

#18
Mtoto wa Kariakoo

Wakili swali. Mtu ametishiwa "tuma laki mbili au narusha kwa ndugu zako wote". Alipe? Ni mtu wa karibu yangu.

#19
Wakili Njiapanda

Asilipe. Akilipa laki mbili, wiki ijayo ni laki nne, maana ameshaonyesha anazo na anaogopa. Ahifadhi meseji na namba iliyotaka hela, hiyo namba ndiyo dhahabu. Dawati la Jinsia leo hii, si Jumatatu.

Halafu kuna tovuti inaitwa StopNCII.org, imeanzishwa Desemba 2021, haina malipo, ni kwa mwenye miaka 18 na kuendelea. Unaichagua picha ukiwa kwenye simu yako, inatengenezewa alama, kitu kama alama ya kidole lakini ya picha. Picha yenyewe haitoki kwenye simu. Inayokwenda ni alama, na kampuni zilizojiunga, zikiwemo Facebook, Instagram na TikTok, zikiona picha yenye alama hiyo inapandishwa zinaizuia. Kwa waliopigwa picha wakiwa chini ya miaka 18 iko nyingine, Take It Down. Si dawa ya yote: mtu akiikata au kuibadilisha picha, alama huenda isishike, na ambako kampuni haijajiunga haifiki.

#20
Mwanazuoni Njaa

Siku hizi hata picha ya kuvuja haihitajiki. Mwaka 2019 kampuni ya Deeptrace ilipekua video za kughushi zilizokuwa mtandaoni, 96% zilikuwa ponografia ya watu wasioridhia. Na kipindi kile ilihitaji utaalamu kuitengeneza. Leo mtu anachukua picha yako ya mahafali, umevaa joho kabisa, programu inakuvua. Binti zenu wanaojitunza hawapigi picha za ovyo nao wamo.

#21
Mlalahoi Kimara

Nimehama siti ya mbele. Mke wangu aliniambia mwezi uliopita ameacha kuandika kwenye kundi la wazazi wa shule kwa sababu kuna baba mmoja anamfuata inboksi kila akiandika. Nilimwambia ampuuze. Nimemuuliza sasa hivi kama aliacha kumfuata. Kasema hapana, ni yeye tu aliyeacha kuniambia.

#22
IST ya Kibaha

Habari zenu. Mimi ndiye mwenye IST.

Nimesoma uzi wote tangu jana nikawa nasita. Babu, jibu lako nililiona kabla ya lile la jamaa. Nilikuwa bado kwenye foleni. Nilishuka pale pale nikafungua boneti, nikawasha AC, feni kimya. Nikaenda dukani na jibu lako kwenye simu, nikamwonyesha muuzaji. Jibu la jamaa nililikuta jioni nimeshamaliza.

Nilimshukuru yeye kwa sababu muda ule watu walikuwa wanakushambulia, na ningekushukuru wewe wangesema najipendekeza kwako, nami ningeunganishwa. Humu nina washikaji wa kazini wanaoijua ID yangu. Ndiyo hivyo. Nimerudi kule kwenye uzi wa magari nimeandika rilei ilipatikana kwa maelekezo ya nani. Nimeshaitwa majina matatu mpaka sasa.

#23
Babu Plagi

IST ya Kibaha, nimeliona bandiko. Asante. Sitasema haikuniuma, maana ile jioni ndiyo iliyonifanya niandike haya, zaidi hata ya zile 53.

Na rilei ya IST elfu kumi na tano umepigwa. Siku nyingine ukiwa dukani nipigie kwanza kelele humu.

Wakili, jana saa nne asubuhi nilikwenda kituoni. Nilienda na mume wangu, nikaona nisiende peke yangu. Askari wa dawati alikuwa mama mtu mzima, alisoma skrini zote bila kuharakisha, akaniuliza swali moja tu ambalo sikulitegemea: "Huyu aliyeandika Tabata, unadhani anakujua?" Mpaka leo nalifikiria. Nilimwambia sijui. RB ninayo. Bosi nimemwambia ukweli, amehamisha gari ninalofanyia kazi upande wa ndani, mbali na geti. Sijapenda, kule ndani hakuna mwanga wa kutosha kuona nyaya, lakini kwa wiki hii nimekubali.

Wengi mmeniuliza inboksi kama nitabadilisha jina. Sijaamua. Nikijiita Fundi Mwajuma tena, yale majibu yangu ya miaka mitatu yatabaki kwa Babu, na mtu mwenye gari bovu saa tano usiku anamtafuta Babu. Chausiku, wewe ungefanyaje?

#24
Chausiku wa Pili

Mimi Kamanda habadiliki mpaka uchaguzi upite 🤣 Lakini nimeandika jina langu la kweli kwenye daftari na tarehe, siku nikifa mwanangu ajue mama ndiye aliyekuwa anawachachafya.

#25
Mzee wa Makorora

Samahani kuingilia mada. Shikamoo Babu... au dada... sijui niseme nini. Noah yangu taa ya injini imewaka tangu jana jioni, na leo naisikia kama inatetemeka nikikanyaga mafuta. Niko Tanga, kesho natakiwa Moshi kwenye msiba.

#26
Babu Plagi

Marahaba mkuu, Babu inatosha. Pole na msiba. Taa imewaka moja kwa moja au inapepesa? Kama inapepesa usiende nayo Moshi, ipaki, silinda moja haichomi na utaua masega ya egzosi (kisafisha moshi). Kama imetulia, asubuhi injini ikiwa ya baridi chomoa soketi ya koili moja moja ikiwa sailensa (inanguruma bila kukanyaga mafuta). Ile ambayo ukiichomoa mtetemo haubadiliki, ndiyo hiyo. Nitakuwa macho mpaka saa sita.